Siku Kondoo Wetu Walipopanda Winguni

Kijiwe chetu hapa Pikine, pembeni mwa Dakar, ni ubao uliolazwa juu ya matairi mbele ya kibanda cha Antena, fundi wa televisheni. Upande wenye kivuli ni wa Waziri, Mserere mstaafu wa posta, ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote, ila ukimsikiliza utadhani serikali inamsubiri arudi ofisini. Ncha ya pili ni ya Marsei, aliyekwenda Ufaransa akarudi na koti moja na maneno mengi. Katikati hukaa Pathé Bâ, fundi magodoro, Mpulaar, ambaye kabila lake na Waserere wa Waziri ni watani wa jadi wa kuitana watumwa, mtu asiyependa kusema. Mimi ni Yandé. Nauza kahawa ya Touba, ile yenye pilipili ya kukwaruza koo, na wanaume hawa ndio mtihani niliopewa na Mola. Siku ninayoisimulia Tabaski, Idi ya kuchinja, ilikuwa imekaribia, visu vinanolewa kila kona, na kondoo dume wa Pathé, jina lake Doolé, alikuwa hajaonekana tangu Ijumaa. Pathé alimlea kwa chupa ya maziwa, chumbani mwake mwenyewe, mama yake kondoo alipokufa. Sasa kondoo anayezurura bila mwenyewe wiki ya Tabaski, mwisho wake hata mtoto anaujua. Nilimwonea huruma yule mzee mpaka nikamzidishia sukari bila kuombwa, na bado kahawa ikampoa mkononi.

Asubuhi hiyo Antena alitoka kibandani na laptopu yake kifuani kama aliyebeba mtoto mchanga.

ANTENA: Sogeeni. Chama cha wafugaji kimesema kila mtaa ufungue ghala lake la habari kwenye wingu. Unaandika kondoo wako, jina lake, sifa zake. Akiokotwa mtaa wa pili, Yeumbeul, mtu wa Yeumbeul anafungua ghala letu, anatafuta, anamwona, anajua ni wa nani.

PATHÉ: Hata leo?

ANTENA: Hata leo hii, mzee, tukimaliza.

Ndipo nilipomwona Pathé ameinua kichwa.

WAZIRI: Hiyo inaitwa kanzidata. Posta tulikuwa nayo.

MARSEI: Posta mlikuwa na gundi.

WAZIRI: Gundi ndiyo msingi wa kanzidata. Bila gundi habari hazishikani.

MIMI: Na hilo ghala nani atalilinda? Wewe Antena kibandani kwako kuku wa jirani wanataga.

ANTENA: Hapo ndipo penye utamu, dada Yandé. Hatulindi sisi. Ni kama kupanga stoo ya mtu. Sisi tunaleta mzigo na tunaupanga tutakavyo. Mwenye stoo anafagia, anaziba paa likivuja, anamlipa mlinzi, na mzigo ukizidi anaongeza chumba. Tena kila siku anatoa nakala ya vitu vyote. Hata pakiungua, vipo pengine.

PATHÉ: Anatoa nakala ya kondoo?

ANTENA: Ya habari zake, mzee.

PATHÉ: Si ya mwenyewe.

ANTENA: Si ya mwenyewe.

Pathé akakirudisha kichwa chini. Nilitamani nimchape Antena kwa kijiko. Ukweli mwingine si lazima useme mpaka mtu amalize kahawa.

ANTENA: Haya, akaunti imefunguka. Sasa wanauliza ghala letu liwe mji gani. Kuna Paris, Frankfurt, Mumbai, Cape Town.

MARSEI: Paris! Hizo stoo nimepita mbele yake kwa miguu yangu. Ziko chini ya ardhi, chumba kimoja na jibini, kwa sababu vyote viwili vinapenda baridi.

WAZIRI: Paris marufuku. Hao walishachukua vya kutosha, kondoo watuachie.

MARSEI: Basi Frankfurt.

WAZIRI: Kwa Wajerumani? Wale chochote wanachokiona wanakitia kwenye utumbo wanakiita soseji.

PATHÉ: Mji upi hawachinji Tabaski?

Wote wakatafuta kwa moyo safi kabisa.

MARSEI: Frankfurt wapo Waturuki wengi. Wanachinja.

WAZIRI: Mumbai nao wanachinja.

ANTENA: Cape Town kuna Waislamu tangu enzi za mababu.

PATHÉ: Kwa hiyo dunia nzima ina kisu.

ANTENA: Mzee wangu, kondoo haendi huko. Zinaenda habari tu.

WAZIRI: Weka Cape Town. Angalau ni bara letu. Mambo yakiharibika, kondoo wanaweza kurudi kwa miguu.

Antena akabonyeza, likazunguka duara fulani kwenye kioo, nasi tukalitazama lile duara mpaka shingo zikauma. Kisha likaja suala la msimamizi na paswedi, na hapo kijiwe kikawa baraza la mawaziri. Waziri alisema yeye ndiye mwenye uzoefu wa siri za watu, maana posta alishika barua za mji mzima. Marsei alisema barua alizishika na alizisoma, tunajua.

ANTENA: Paswedi ninakaa nayo mimi, mwenye laptopu.

WAZIRI: Ukihama?

ANTENA: Nahamia wapi? Nadaiwa kila mahali.

Mwishowe niliwaambia kila mmoja aandike kipande chake, wengine wafumbe macho. Wakafanya. Waziri aliandika kwa kidole kimoja, polepole, akitamka kila herufi kwa sauti, sisi tukiwa tumefumba macho na masikio yamefunguka. Kwa hiyo mpaka leo hakuna kinachobadilishwa ghalani mpaka wote wawe wamekaa ubaoni.

MARSEI: Na mmoja wetu akifa?

WAZIRI: Wahenga walisema umoja ni nguvu. Maana yake, hakuna ruhusa ya kufa.

ANTENA: Tuendelee. Wanauliza nani aruhusiwe kuingia. Hapa kuna kitufe cha kuruhusu ulimwengu mzima.

WAZIRI: Ruhusu! Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

MIMI: Yaani ulale mlango wazi kwa sababu ya methali?

ANTENA: Kitufe hicho ni cha wavivu, Waziri. Leo wanakibonyeza, kesho wanalia. Tunaruhusu vyama vya mitaa mingine peke yao, na kwa kutazama tu. Watazame, wasiguse.

PATHÉ: Kutazama ndiko kunakoua.

Sikumcheka, maana kwetu mtu hasifu chake mbele ya watu. Jicho la watu lina makali, na ulimi vilevile. Useme mwanangu amenenepa, kesho anaharisha. Kuhesabu ndiyo kabisa. Mtu akilazimika kutaja idadi ya wanawe, anasema ni vijiti vya Mungu, asionekane amehesabu watu. Na kwa mfugaji wa hapa, kondoo wake wa ladoum, ile mbegu ya kifahari, si mbali sana na mwanawe. Wapo ambao wake zao wangependa kuwa kondoo.

Sasa jedwali la Antena lilikuwa na safu zake, na safu ya kwanza ilikuwa idadi.

ANTENA: Waziri, una kondoo wangapi?

WAZIRI: Mmoja.

Nyuma ya ukuta wake, hatua chache kutoka tulipokaa, mifugo ikalia kwa sauti ambazo ungedhani ni mnada.

ANTENA: Waziri.

WAZIRI: Kijiti kimoja cha Mungu. Andika. Hao wengine ni mwangwi.

MARSEI: Mimi pia nina mmoja. Mwangwi wangu ni mdogo zaidi.

ANTENA: Sawa. Sifa zake, Waziri?

WAZIRI: Ana upele. Pembe moja imevunjika, ya pili inafikiria.

Huyo mwenye upele ndiye ambaye maharusi wa mtaa huu humwazima wapige naye picha. Antena akaandika bila kupepesa. Marsei akasema wake anakohoa, hasa wageni wakija. Ilipofika zamu ya Antena mwenyewe, huyu aliyetuletea maendeleo, nilitegemea walau yeye aseme kweli. Akaandika: mguu mmoja mfupi. Nikamwangalia. Akanikwepa macho.

ANTENA: Mzee Pathé, sasa wewe. Kazi yote hii ni kwa ajili yako. Doolé yukoje?

Pathé akatazama kulia, akatazama kushoto. Wote tunamjua Doolé. Ni mweupe kama unga wa mtama uliochujwa, akisimama ananifika kifuani, na pembe zake zimejikunja mpaka zimechoka. Kila Jumapili Pathé humpeleka ufukweni akamwogesha kwa sabuni, kisha anamchana, na wanawake wanaotoka sokoni husimama na vikapu vyao kichwani.

PATHÉ: Ni kondoo.

ANTENA: Rangi?

PATHÉ: Uchafu.

ANTENA: Uchafu si rangi, mzee.

PATHÉ: Kwake ni rangi.

ANTENA: Kimo?

PATHÉ: Mfupi. Miguu imepinda. Jicho moja halioni vizuri. Akitembea utamhurumia.

Hapo akajifanya anakohoa. Ilimuuma kumtukana. Nami iliniuma kumsikia.

WAZIRI: Umesema vyema, mtani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wako si amejitembeza mwenyewe mpaka kapotea?

PATHÉ: Mserere wewe, ungekuwa na akili za kondoo ningekununua.

WAZIRI: Mtumwa wangu amekasirika! Alhamdulillahi, mgonjwa anapona.

ANTENA: Picha ipo, mzee?

Pathé akatoa simu, akaificha kwa kiganja, akatafuta muda mrefu. Picha aliyoitoa ilikuwa ya kwato moja ya nyuma, imezama kwenye tope.

ANTENA: Hii ni kwato.

PATHÉ: Inatosha. Ni kwato mbaya.

Antena akahifadhi. Akatujaribishia: akaandika neno Doolé mahali pa kutafutia, na papo hapo akatokea, uchafu, mfupi, miguu imepinda, jicho moja. Tulipiga makofi. Si uongo, tulifurahi. Mtaa wetu ulikuwa umeingia winguni kwa mara ya kwanza, na mitaa mingine itatuona. Nikabandika birika la pili. Kilichobaki kilikuwa kungoja, na hawa kungoja hawajui, wanajua kubuni.

MARSEI: Mimi nadhani Doolé amepakiwa melini. Visiwani kule kwa Wahispania wanalipa vizuri.

ANTENA: Meli gani itakayombeba kwa uzito ule?

PATHÉ: Ni mwembamba.

ANTENA: Samahani, mzee. Kwa wembamba ule.

WAZIRI: Acheni ujinga. Amechukuliwa na wanamieleka. Kuna kambi moja mpiganaji wao anafanya mazoezi ya kupigana vichwa, na binadamu wa kupigana naye wamekwisha.

MARSEI: Au ameshaona tulivyomwandika huko winguni, akasema, kama ndivyo mnavyoniona, sirudi.

PATHÉ: Usiseme hivyo.

Alisema taratibu, na Marsei akamsogezea sukari yake. Tukanywa kahawa. Mchana ukapita, chebujen, wali wa samaki, ikaletwa kutoka nyumbani kwa Waziri, tukala kwenye sinia moja, Pathé akila kwa ncha za vidole.

Baada ya sala ya alasiri akaja mwanamke tusiyemjua. Amevaa bubu la buluu, lile gauni pana la kwetu, simu mkononi, vumbi mpaka magotini. Akasimama mbele ya ubao.

MGENI: Salaam aleikum. Mimi ni Maguette Lo, wa chama cha wafugaji cha Yeumbeul. Hapa ndipo kwa wenye ghala la Cape Town?

Waziri akanyoosha shati.

WAZIRI: Ndipo, mama. Karibu. Yandé, mpe mgeni kahawa.

MAGUETTE: Nimelifungua mchana huu. Nikaona kabla ya yote niwape pole.

ANTENA: Pole ya nini?

MAGUETTE: Jamani! Mmoja upele, mmoja kikohozi, mmoja mguu mfupi. Na yule wa jicho, yule nilipomsomea mume wangu aliacha kula. Mnawalisha nini?

Hakuna aliyemtazama mwenzake.

MAGUETTE: Basi, hayo ni ya Mungu. Kilichonileta ni hiki. Ijumaa kondoo dume aliingia uani kwangu, kafuata majike wangu. Nimeuliza mitaa yote, ninyi ndio wa mwisho. Amepindua ndoo zangu zote na watoto wangu wameshaanza kumwita Tabaski. Imamu kaniambia mwenyewe asipopatikana kufikia kesho, achinjwe na nyama wagawiwe maskini. Lakini kwenu naona wagonjwa watupu, na huyu niliye naye ni mweupe, shingo yake sasa...

PATHÉ: Usimtaje!

Alikuwa ameshasimama, kahawa imemwagikia kanzu yake, wala hakuisikia.

PATHÉ: Sema mashallah kwanza, mama! Au usiseme kabisa!

MAGUETTE: Mashallah. Kwani ni wako?

Pathé akakaa tena.

PATHÉ: Wangu ni yule wa jicho.

MAGUETTE: Basi si wako. Huyu macho yake yote mawili...

PATHÉ: Mama, nakusihi.

Yule mwanamke akamtazama vizuri. Hakuwa mjinga, na hakuwa mwanamke mbaya. Akainama, akashusha sauti.

MAGUETTE: Baba, mali ya mtu ni amana. Nikimpa kila anayesema wangu, nitaulizwa na Mungu. Wewe umeandika mfupi, mchafu, amepinda miguu, na mimi nyumbani nina mwingine kabisa. Nitakuuliza neno moja tu, unijibu mwenyewe. Kondoo wako ni mzuri, au si mzuri?

Swali dogo namna ile! Waziri, mwenye methali ya jua na methali ya mvua, akatazama ndani ya kikombe chake. Antena akaweka kidole juu ya laptopu, kama kwamba jibu lingetokea humo. Marsei akaangalia barabara. Tulikuwa tumemwandikia mzee uongo kwa pamoja. Akisema si mzuri, kesho Doolé yuko kwenye masinia ya watu. Akisema ni mzuri, atakuwa amelitoa kwa kinywa chake, mchana, mbele ya watu wapitao njia, yeye ambaye tangu nimjue hajawahi kusema hata kwamba mvua imenyesha vizuri. Niliona kabisa kwamba anajikaza kulisema, na kwamba linamtisha kuliko kisu.

Ndipo Waziri akaanza kukohoa.

Si kikohozi cha mtu mzima mwenye haya. Alikohoa kama pikipiki inayokataa kuwaka, na katikati ya kikohozi akanikonyeza. Marsei akaelewa. Akaruka kutoka ncha yake, ubao ukampindua Antena, na Marsei akaanza kuimba kwa Kifaransa, wimbo ambao nina hakika hauna maneno. Antena akainuka mavumbini, akaingia kibandani, akawasha kila televisheni mbovu aliyokuwa nayo na kufungua sauti mpaka mwisho, zikavuma zote kwa pamoja. Mimi nikashika kijiko nikaanza kulipiga birika. Muuza maji akasimama. Watoto wakaja mbio wakidhani kuna harusi, nao wakapiga makofi.

Katikati ya fujo ile nilimwona Pathé ameinamia sikio la yule mwanamke. Mdomo wake ukaenda. Haukusimama kwenye neno moja, ukaendelea. Mtu yule asiyependa kusema alisema siku hiyo mpaka jasho likamtoka, mkono mmoja ukichora pembe hewani, ukazikunja, ukazikunja tena, kisha ukashuka polepole kama unaoteremka shingoni, halafu akajifuta macho kwa kiganja hichohicho na kuendelea. Maguette Lo alikuwa amekunja uso alipoanza. Mwishoni alikuwa anacheka, na amemshika mkono.

Wakaondoka pamoja kuelekea Yeumbeul, mzee akiwa mbele, akitembea kasi mpaka bubu la mama wa watu likawa linamkwamisha. Tuliendelea na kelele mpaka walipokata kona, kwa usalama. Kisha Antena akazima televisheni, na mtaa ukawa kimya hata masikio yakauma.

ANTENA: Amemwambia nini?

WAZIRI: Mimi nilikuwa nakohoa.

MARSEI: Mimi nilikuwa naimba.

Nami nilikuwa napiga birika, na mkono unaniuma mpaka sasa. Kwa hiyo ukiniuliza kama kondoo wa Pathé ni mzuri, nitakwambia lililoandikwa winguni ndilo hilohilo. Kingine chochote, hapa kijiweni hakuna aliyekisikia.